Fathia wa Sericho

Siku ya soko mjini Isiolo, jua la saa sita limewaka kweli kweli na vumbi la mbuzi limetanda mpaka barabarani, Nakal Lochoro aliingia kwenye duka la muvi na hasira zake zote. Alivaa sketi ya jinzi na blauzi ya manjano, shanga za mama yake shingoni, flashi mkononi. Kijana wa dukani, Ridwan, mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi likanyooka, alikuwa amemwekea katuni ya Ngao, yule shujaa anayeruka juu ya maghorofa amefunika uso. Lakini sehemu alizipanga kinyumenyume, na mtoto wa watu akaona mwisho kabla ya mwanzo.

Ridwan alicheka, akaomba msamaha, akasema atazipanga upya kwa sharti moja: kila akirudi amwambie jambo moja zuri na moja baya la katuni hiyo. Haya, mambo yakaanzia hapo.

Na Nakal alikuwa na maneno. Alisema Ngao imechorwa vizuri mpaka mvua ikinyesha kwenye skrini unatamani kuanua nguo. Alisema hata adui ana sababu zake, hakuzaliwa mbaya tu. Lakini msimu wa pili unajikokota, watu wanaanguka kutoka ghorofa ya juu wanaamka wakijipangusa, na Lina, mpenzi wa shujaa, kazi yake ni kungoja dirishani. Ridwan alitetea, Nakal akapinga, ubishi ukahamia kwenye simu. Nakal alikuwa msusi, na sasa alisuka watu saluni simu ameibana kwa bega, anacheka peke yake. Wenzake wakajua huyu amekwisha.

"Wewe unapenda kubishana kuliko unavyonipenda," Ridwan alimwambia siku moja.

"Nabishana ndiyo usikate simu."

Idi ilipofika, Ridwan akataka aje kwao. Alimnunulia dera la zambarau na mtandio wake, na Nakal akavaa kwa furaha, maana ukienda kwa watu unavaa kama wao. Mlangoni alisema salaam aleikum kama alivyofundishwa. Mama Ridwan, mjane mwenye malori, aliitikia vizuri, akamuuliza jina. Nakal hajafungua mdomo, Ridwan akajibia.

"Anaitwa Fathia, mama. Kwao ni Sericho, ni wa kabila letu, lakini amelelewa Nairobi, lugha yetu imempotea."

Nakal alinyamaza. Angefanya nini, jamani, amuumbue mwenzake mbele ya mzazi wake? Na mama akampenda. Alimmiminia chai ya maziwa ya ngamia, akamkalisha karibu naye, na tangu siku hiyo kila Ijumaa alimpigia simu: Fathia mwanangu, umekula, Fathia mwanangu, mbona umepotea. Nakal naye alimpenda mama huyo, na kila simu ilimuuma, kwa sababu mapenzi yale yote yalikuwa yanaenda kwa mtu mwingine.

Ridwan aliahidi kusema ukweli, ila polepole. Miezi ikapita, polepole ikabaki palepale. Mwishowe Nakal alimfuata dukani.

"Lile jambo baya la Ngao nimelipata," alisema. "Anamficha Lina ukweli miaka yote, eti ni kwa usalama wake. Anaogopa tu."

"Hiyo ni katuni, roho yangu."

"Ngao angalau anafunika uso wake mwenyewe. Wewe umefunika wangu."

Ridwan aliomba wakati kidogo tena. Nakal alimwambia anataka kitu kimoja: amtaje kwao kwa jina lake, Nakal, mara moja tu. Mpaka siku hiyo asimpigie. Na kweli, simu zake hakuzipokea tena.

Aliyepiga ni Mama Ridwan.

"Fathia mwanangu, nimesikia mmekosana. Vijana ndivyo walivyo. Mimi nimeshapanga. Kesho lori letu linaenda Sericho, nitapanda na wazee wawili. Nataka kuwaomba wazazi wako uwe wangu."

Nakal alikaa chini. Posa aliyomwomba Mungu usiku na mchana ilikuwa imekuja, na haikuwa yake. Na Ridwan alikuwa anamtazama mama yake akifunga mizigo ya safari ndefu ya jua na kiu, kutafuta watu wasiokuwepo, na bado amefunga mdomo.

"Mama, usiende. Huko sina mtu. Kwetu ni Gotu. Mimi ni Mturkana, naitwa Nakal, baba yangu ni Lochoro, na Jumapili huwa niko kanisani."

Mama akauliza:

"Hilo jina la Fathia ulipewa na nani?"

"Na Ridwan, mama. Na mimi nikanyamaza. Nisamehe."

"Gotu ni hapa tu," mama alisema. "Ningelia, ningegombana na nyinyi, pengine ningekaa mwezi bila kusema na mwanangu. Lakini ningekuja. Sasa nimekula na wewe, nimekuombea dua, na sikujui."

Akakata.

Jioni Ridwan alifika saluni, shati limekunjamana, macho mekundu. Alisema amempigia mama yake magoti, kwamba huenda akalegea, kwamba sasa yuko tayari kulitaja jina la Nakal soko zima lisikie. Alimsihi warudiane. Na Nakal alimpenda, hilo lisemwe wazi. Alimpenda hata pale, amesimama mlangoni na aibu yake.

"Mama yako angefika Gotu, Ridwan," alimwambia. "Ni wewe hukutaka kufika."

Alirudi ndani kumalizia kichwa alichokuwa akikisuka, na alilia sana, mpaka mteja mwenyewe akamwomba akae kwanza.