Birika la Horeb

Maji yalikuwa ya moto kila mahali isipokuwa pale katikati. Eirwen Pugh alitumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko, akaupeleka kushoto, akaupeleka kulia, joto zuri la kuogea. Akaurudisha katikati, na baridi ikamwuma hadi kwenye mfupa. Haikuwa baridi ya maji yaliyopoa. Ilikuwa baridi iliyosimama wima, upana wa mtu mmoja.

"Gethin!" aliita. "Njoo utie mkono hapa."

Mwanawe alikuwa ndani akitandika vitanda. Ilikuwa Jumamosi. Wageni wa wiki wameondoka asubuhi, wengine wanaingia alasiri, na katikati yake kuna mashuka, vyoo, na jakuzi la kumwagwa maji, kusuguliwa na kujazwa upya. Alitoka na foronya begani, akatia mkono, akautoa.

"Pampu hiyo," alisema.

"Pampu gani inapoza mahali pamoja tu?"

"Mama, wageni wako njiani. Ni pampu."

Huku Porth Helyg nyumba za kupangisha zimejipanga juu ya ufuo mzima, na kila moja ina jakuzi, maana mgeni wa siku hizi haitazami bahari ya Wales mpaka akae kwenye maji moto. Lakini jakuzi la Gethin halikutoka dukani. Nyumba yake ilikuwa kanisa la Horeb, kanisa la Wabatisti, lililofungwa waumini walipobaki wachache mno. Gethin alilinunua. Birika la ubatizo lililokuwa uani, la mawe, lililojazwa na chemchemi tangu enzi za mababu, akalitia vigae, hita na taa za buluu. Mfereji uliotoa maji kwenda baharini akauziba kwa zege, maji yaliyotumika akawa anayavuta kwa pampu hadi bomba la maji taka.

Eirwen alibatizwa humo. Mumewe Ithel, aliyekuwa shemasi, alibatizwa humo pia. Ithel alipofariki majira ya baridi yaliyopita, Eirwen alihamia chumba cha nyuma kumsaidia mwanawe, na kila Jumamosi alipiga magoti kusugua vigae vilivyofunika mawe yale. Alisema mara moja tu kwamba jambo hili si sawa. Gethin akamjibu kwamba afadhali humo wacheke watu kuliko walale popo. 

Fundi alikuja Jumatatu. Kwa kuwa akina Elwyn ni wengi kijijini, yeye huitwa Elwyn Mabomba. Alibadilisha pampu. Baridi ikabaki. Akarudi akabadilisha hita, akarudi tena akabadilisha nyaya.

"Dada Eirwen," alisema, akijifuta mikono kwenye suruali, "nimebadilisha kila kitu. Kilichobaki ni kukubadilisha wewe."

"Ungeanza na ulimi wako. Hii harufu ni ya nini?"

Elwyn alinusa. Ilikuwa harufu ya sufu iliyoloa, nguo nzito zilizokaa na maji siku nyingi. Halafu, ingawa umeme ulikuwa umezimwa, kukatoka chini ya vigae mvumo mzito, kama watu wa besi kwenye kwaya wanaotafuta sauti kabla hawajafungua midomo.

"Hiyo ni hewa kwenye bomba," alisema Elwyn. Hakutania tena, na chai yake hakuimaliza.

Wageni walilalamika. Gethin aliwarudishia wengine fedha, akawaomba radhi wengine, akasugua, akamwaga, akajaza, akalala akiwa na simu kifuani. Alikuwa mkali kwa kila mtu. Mama yake akisema neno, alijibu kabla halijaisha: "Najua, Mama. Najua. Niache."

Kisha akaja mama mmoja kutoka Birmingham, mtu mwenye akili zake, na wanawe wakubwa. Mchana kweupe, ukungu umeshuka kutoka baharini, alitoka majini mbio na kumkuta Eirwen akianika taulo. Nywele zake zilikuwa zimeloa hadi utosini.

"Mna mfanyakazi mwanamume hapa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mwanangu tu, na yuko mjini."

"Kuna mtu alinishika. Mkono mmoja huku nyuma ya shingo, taratibu, kama saluni wanapokuosha nywele. Mwingine hapa, juu ya vidole vyangu. Akanilaza." Alivuta taulo kutoka kwenye kamba, akajifunika. "Hakunisukuma, mama. Alinilaza. Ila hakuniinua."

Eirwen alikaa juu ya kapu la nguo. Alikijua kishiko kile. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na sita, mchungaji Bebb alimshika hivyo hivyo, mkono mmoja nyuma ya shingo na mwingine juu ya mikono iliyofumbatana, akamlaza chini ya maji na kumwinua.

Mzee Bebb alikuwa bado hai, kwenye nyumba ya wazee ng'ambo ya kilima. Alimsikiliza Eirwen huku akivunja biskuti ndani ya chai, kisha akamwomba afunge mlango.

"Pepo yule ni wa chemchemi," alisema. "Alikuwepo kabla ya kanisa. Aliwashika waliokuja kuteka maji. Babu zetu walijenga Horeb pale makusudi, mwanangu, ili wasimwachie mahali. Lakini walijua yupo. Ndiyo maana hatukumshusha mtu birikani bila kanisa zima kuimba, tangu mguu wake wa kwanza uingie hadi wa mwisho utoke. Na tulipomaliza, tulifungua mfereji siku hiyo hiyo. Aende zake baharini."

"Gethin ameuziba mfereji."

"Basi hana pa kwenda. Na anawaona watu wanaingia kila siku, kimya, na glasi mkononi."

"Mbona hukusema walipokuwa wanauza?"

"Nilisema!" Damu ilimpanda mzee usoni. "Nilisema mkutanoni, wakaniambia jambo hilo halipo kwenye ajenda."

"Njoo basi wewe umwondoe."

"Miguu hii? Hainifikishi hata chooni. Vunja zege. Na uimbe."

Eirwen alitazama mikono yake. Tangu walipomzika Ithel hakuwa ameimba hata ubeti mmoja. Ibadani, kwenye kanisa la jirani, alisimama na kitabu wazi, akafuata maneno kwa macho tu.

Alimwambia Gethin usiku ule wakila mchuzi wa kondoo. Gethin aliweka kijiko chini.

"Pepo."

"Mchungaji amesema."

"Mchungaji anadhani bado ni miaka ya sabini. Mama, nimeweka maisha yangu pale. Ukigusa zege lile sitakusamehe."

Kwa hiyo Ijumaa, Gethin alipoenda mjini kununua dawa ya maji, Eirwen alimwita Elwyn Mabomba aje na nyundo kubwa. Elwyn alikuja bila maswali, jambo ambalo si kawaida yake. Alikuwa amepiga mara chache tu, zege likaanza kutoa ufa, gari la Gethin likaingia uani.

"Elwyn! Weka chini hiyo!"

"Mwanangu, sikiliza—"

"Nimesikiliza! Mwaka mzima nasikiliza!" Gethin alivua viatu akivitupa. "Mnataka kuvunja? Vunjeni nikiwa ndani. Nitakaa humu mpaka wageni waingie, ili muone kwamba ni maji. Maji tu!"

Akaingia na nguo zake, akajibwaga katikati kabisa, akakunja mikono kifuani na kuwatazama. Kwa muda hakukuwa na kitu ila ukungu na mvuke. Elwyn alifungua mdomo aseme neno la kumtuliza. Halafu uso wa Gethin ukabadilika, si kwa hofu, bali kama mtu aliyeitwa jina lake na sauti anayoipenda. Kichwa chake kikaanza kulala nyuma, polepole, kimeegemea kitu kisichoonekana, na mikono yake ikashuka na kufumbatana yenyewe juu ya tumbo, na maji yakamfunika masikio, yakamfunika macho yaliyokuwa wazi, yakafunga juu ya pua yake bila hata povu, na mvumo ule wa chini ya vigae ukapanda hadi vioo vya kanisa vikatetemeka, na Eirwen akiwa ameshajirusha kwa tumbo kwenye ukingo, amemkamata mwanawe kola, akivuta, akavuta tena, akihisi upande wa pili anavuta mwingine ambaye hana haraka na hachoki.

"Piga!" alimpigia Elwyn kelele. "Piga, wewe!"

Elwyn alipiga. Eirwen alifungua mdomo na sauti haikutoka. Ikatoka pumzi, ikatoka kikohozi, kisha ukatoka wimbo wa ubatizo, mkavu, umepinda, chini ya sauti yake ya kawaida, na Elwyn, ambaye hakuwa ameingia kanisani tangu arusi yake, akaushika kwa besi kati ya pigo na pigo. Waliimba ubeti wa kwanza, wakasahau wa pili, wakarudia wa kwanza. Zege likapasuka. Maji yakashuka mara moja kama yaliyokuwa yanasubiri, yakapita mferejini kwa mlio mrefu wa kuguna, yakateremka kwenye majani na mawe hadi baharini. Gethin akabaki amelala juu ya vigae vitupu, akitapika.

Jioni alikaa jikoni amefunikwa blanketi. Mama yake alimpa chai. Alingoja shukrani, au hata hasira.

"Alikuwa Baba," alisema Gethin.

"Hapana."

"Mkono wake haukuwa na kidole cha shahada, Mama. Kile alichokatwa na mashine ya nyasi. Niliuhisi hapa." Aligusa shingo yake. "Alikuwa ananishika vizuri. Nyinyi mkanitoa."

"Baba yako yuko kwa Bwana. Nilimwosha mwenyewe. Yule anachukua sura ya unayemlilia, ndiyo kazi yake. Unanisikia?"

Gethin alikuwa akitazama dirishani, kule maji yalikopita.

Jumapili alfajiri kitanda chake kilikuwa kitupu. Eirwen alimkuta chini ya uzio, mahali mfereji unapoingia mchangani, amepiga magoti, mkono wake umezama hadi begani. Alimkamata nywele kama mtoto.

"Ndani! Huna akili? Nikuzike na wewe?"

Gethin alipanda kilima akilia kwa sauti, mtu mzima wa miaka arobaini, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Eirwen alibaki peke yake. Maji yalipita membamba, safi, yakielekea baharini kama inavyotakiwa. Alitaka kuhakikisha tu. Alipandisha mkono wa gauni lake la kanisani, akapiga magoti, akatia mkono.

Ulimshika mara moja. Mkono mpana, wenye sugu za kazi kiganjani, na pale palipostahili kuwa na kidole cha shahada palikuwa na kigutu laini alichokuwa akikibusu miaka arobaini na minne.

Hakuwa Ithel. Alilijua hilo kama anavyoijua Sala ya Bwana. Alifungua mdomo aimbe.

Kisha akaufunga, akakaa hapo kidogo, mkono wake ungali majini.