Uso Ambao Ndunge Hakuuchora

Jiwe la kwanza lilimpata kijana sikioni, la pili mdomoni, na umati wa soko la Kawangware ukazidi kusongamana. Alidaiwa kuiba simu. Wanzala, mchoraji wa mabango, alikuwa juu ya ngazi akimalizia jina la kinyozi pale mwanamke mwenye gauni la manjano aliponyakua debe lake la rangi nyekundu na kuwamwagia waliokuwa mbele. Walitawanyika wakitukana na kufuta macho. Kijana akajiburura uchochoroni, akatoweka.

"Hiyo rangi ni yangu, madam," Wanzala alisema akishuka.

"Na hiyo damu ni ya nani?"

Aliitwa Ndunge, fundi wa nguo kutoka Mashimoni, Kibera. Walianza kupigiana simu kila jioni. Ndunge alimtania Wanzala kwamba hawezi kuchora hata jani bila rula. Wanzala akamwita mrembo wa magunia, kwa sababu kila Jumamosi Ndunge alitandaza gunia kuukuu sakafuni na kulipaka rangi kwa viganja, bila mpango, akiufuata mkono ulikotaka kwenda. Kaka yake Ndunge, Mutinda, alikuwa amechomwa moto na umati huko Gatina kwa kosa la mtu mwingine. Tangu siku hiyo Ndunge alikuwa akizinduka usingizini akijikwaruza shingo. Maombi na ushauri havikumtuliza, rangi ilimtuliza. Moto ulijitokeza guniani, kisha meno, kisha umbo jeusi la mtu asiye na uso. Akimaliza, alilala.

Wanzala hakupenda kazi isiyokamilika. Siku moja Ndunge alipokwenda Riruta kupeleka sare, akimwachia ufunguo, Wanzala aliitoa picha ya Mutinda ukutani, akapima, akauchora uso ndani ya weusi ule: macho, kishimo cha shavu, tabasamu. Aliamini anamrudishia kaka.

Ndunge aliporudi alitazama, akachukua mkasi wake wa kazi. Alianza kwa kuyachoma macho. Wanzala alipomshika, mkasi ulimpasua kiganja.

"Nilimwona akiungua. Hakuwa na uso. Wewe umemfanya acheke ndani ya moto."

Wanzala aliondoka akivuja damu. Ndoto zilirudi, na sasa Ndunge hakuthubutu kugusa rangi; kila gunia lilimwonyesha tabasamu lile. Simu za Wanzala alizikata, hadi asubuhi moja akapokea.

"Niko hapa kwa kioski cha maji," Wanzala alisema. "Sijakuja kurekebisha kitu. Nipee gunia tu."

"Uchore nini?"

"Sijui."

"Basi ingia."

Mkono wa kulia ukiwa umefungwa bendeji, alichora kwa wa kushoto. Mistari ya kwanza ilinyooka. Halafu ghafla akaanza kulipiga gunia ngumi, rangi ya kahawia ikiruka kutani na usoni, akihema kama anayefukuzwa. Ukatokea mkanda wa suruali. Ukatokea mlango uliofungwa na, chini ya meza, mtoto asiye na mikono.

"Ni mkanda wa baba yako?" Ndunge aliuliza.

Aliitikia kwa kichwa. Hakuwahi kumwambia mtu.

Ndunge alichovya kidole kwenye rangi ili ampe mtoto mikono. Kilifika karibu kabisa na gunia. Akakirudisha, akakifuta kwenye leso yake.

"Asante," Wanzala alisema. "Niende?"

"Kaa."

"Hadi saa ngapi?"

"Nimesema kaa, mpenzi."