Mstatili Hauvaliwi

Foleni ya duka la vitabu siku hiyo ilikuwa ndefu kiasi kwamba aliyeingia akiwa kidato cha kwanza angefika kaunta akiwa tayari kwa kidato cha nne. Mtihani wa mwisho ulikuwa unanukia, na mji mzima ulikuwa umeamka na wazo moja. Kwenye rafu ya hisabati kilibaki kitabu kimoja tu cha marudio, nacho kilishikwa na mikono ya watu wawili kwa mpigo.

Mmoja alikuwa mwanamke mwenye gauni la kijani lililomkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Utepe wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni, maana ameshausahau hapo mara nyingi hata kulala amelala nao. Wa pili alikuwa mwanamume mwenye suruali ya mifuko kila upande, plasta kwenye vidole, na shati lililopigwa pasi mbele tu.

"Kaka, samahani, umeshika kitabu changu."

"Dada, mimi nimeshika kitabu. Wewe umeshika vidole vyangu."

Mwanamke akatazama. Ni kweli. Hakuuondoa mkono.

"Unamnunulia mtoto?" akauliza.

"Najinunulia mwenyewe. Na wewe?"

"Na mimi najinunulia."

Muuza duka, mama mnene asiye na subira, akawainamia. "Hicho kimechanwa kurasa za majibu, ndiyo maana kimebaki. Mnakichukua, au mnaendelea kushikana mikono hapa hapa?"

Wakakichukua kwa ubia. Njiani kila mmoja akajieleza. Mwanamke alikuwa fundi cherehani. Alikwishafanya mtihani wa hisabati mara mbili na mara mbili ukamwangusha. Chuo cha walimu wa ushonaji kilimwekea nafasi kwa sharti moja, afaulu hesabu, na mkuu wa chuo alimwambia bila kumung'unya maneno kwamba mwaka huu ndio wa mwisho kumngojea. Mwanamume alikuwa fundi vioo.

"Na wewe unangojewa na nani?"

"Na dada zangu. Wote wana vyeti. Kila kikikosekana kitu jikoni, anayetumwa dukani ni mimi. Nina ndevu, fundi, nafuata chumvi."

Mwanamke alicheka mpaka utepe ukamwanguka shingoni. Mwanamume akauokota, na kabla ya kuurudisha akaukunja vizuri, polepole, kama mtu anayetafuta sababu ya kuchelewa.

Wakapanga hivi: kitabu kilale kwa mwanamke usiku mmoja na kwa mwanamume usiku wa pili, na kwa kuwa majibu yamechanwa, wapigiane simu kulinganisha. Simu hizo zilianza kwa adabu.

"Halo, fundi. Mlinganyo wa saba?"

"Eksi ni tatu."

"Na mimi tatu. Umekula?"

"Hilo nalo limo kitabuni?"

"Limo kwenye zile kurasa zilizochanwa."

Wakamaliza seti, wakapanda logarithimu, wakavuka uwezekano bila kulowa. Kila jibu lilifanana. Kufikia mwisho wa mwezi "fundi" amekuwa "fundi wangu", na mlinganyo mmoja ulikuwa unalinganishwa mpaka betri inakata roho. Inasemekana mnara wa simu wa mtaa ule uliinama kidogo kuelekea nyumba ya mwanamke, na mpaka leo haujanyooka.

Balaa lilikuja na mada ya vipimo.

"Kitambaa cha mstatili," akasoma mwanamke, "urefu sentimita ishirini, upana kumi. Eneo?"

"Mia na themanini na tano na robo."

"Mimi nimepata mia mbili sitini na nne."

Wakajaribu mzingo, wakajaribu pembetatu, wakajaribu sakafu ya chumba. Kila mara jibu la mwanamke lilikuwa kubwa, la mwanamume dogo, na hakuna lililosogea. Ukiwauliza njia, haikuwapo. Mwanamke alikokotoa kwa chaki juu ya vipande vya vitambaa, kisha akavikung'uta. Mwanamume alikokotoa kwa kalamu ya wino juu ya kioo, kisha akakifuta. Kila mmoja alibaki na jibu tupu mkononi.

Jumamosi kulikuwa na jaribio kwenye ukumbi wa masomo ya ziada, kwa Mwalimu Kipeo, aliyeitwa hivyo kwa sababu hasira zake zilijizidisha zenyewe kwa zenyewe. Maswali ya vipimo aliyatoa kitabuni vilevile yalivyo. Mwanamke akatazama swali la kitambaa, akawaza: mimi nimeanguka mara mbili, huyu hajaanguka hata mara moja. Akaandika majibu ya mwanamume. Viti viwili mbele, mwanamume akawaza: huyu ameshakalia mtihani huu, mimi ni mgeni. Akaandika ya mwanamke.

Mwalimu Kipeo alirudisha karatasi akitetemeka. "Vipimo, nyinyi wawili, sifuri na sifuri. Na njia iko wapi? Nani kawaambia jibu linaanguka kutoka darini?"

Nje ya ukumbi mwanamke alizilaza karatasi mbili ukutani, ubavu kwa ubavu.

"Hili hapa ni jibu lako, nimeliandika mimi. Na hili ni langu, umeliandika wewe."

"Ndiyo."

"Kumbe ulijua lako ni bovu. Ukaniachia nilibebe, wewe ukakimbia."

"Nimekimbilia lako, fundi wangu. Kwa sababu ni lako."

"Usiniite wako. Mwaka wangu wote nimeuegemeza kwa mtu asiyeliamini jibu lake mwenyewe."

"Na wewe umeliamini lako?"

Swali hilo lilimkata maini. Akazikunja karatasi, akaondoka, visigino vikigonga lami kama nyundo. Mwanamume akabaki ukutani, kitabu mkononi. Ilikuwa zamu yake kulala nacho.

Alipiga simu, haikupokelewa. Akatuma ujumbe: "Mlinganyo wa kwanza?" Ukasomwa, haukujibiwa. Akatuma mwingine: "Umekula?" Huo haukusomwa kabisa. Mtihani ulikuwa mlangoni, na mwenye kuhitaji kitabu zaidi hakuwa nacho. Mwanamume akajipiga moyo konde, akavaa lile shati, safari hii limepigwa pasi mbele na nyuma, akaenda kukirudisha.

Karakana ya ushonaji ilikuwa chumba chenye mlango wa kioo, cherehani mbili, na Shangazi. Shangazi wa mwanamke alikuwa amesimama kwenye stuli, mikono juu, akipimwa gauni.

"Mgeni huyu ni yule wa simu?" akauliza Shangazi kutoka huko juu.

"Ni mtu ameleta kitabu, shangazi. Anaweka, anaondoka."

"Mbona hajaweka?"

Mwanamume hakuwa ameweka kwa sababu alikuwa anatazama. Mwanamke alipima upande wa mbele wa kiuno, akasema kwa sauti, "Arobaini na tano." Kisha akainama mezani, na chaki ikachora arobaini na saba.

"Umesema arobaini na tano," akasema mwanamume.

"Ndivyo nilivyosema."

"Umechora arobaini na saba."

"Sasa mshono utatoka wapi? Sentimita upande huu, sentimita upande ule. Nikikata kama alivyo, shangazi yangu atapumua mara moja tu na gauni litapasuka."

"Nitapumua ninavyotaka," akasema Shangazi.

Mwanamume akakaa chini, sakafuni, katikati ya nyuzi. "Fundi. Urefu ishirini. Chora."

Mwanamke akamtazama kwa hasira, lakini mkono ulikwishachora. Ishirini na mbili.

"Upana kumi."

Kumi na mbili. Akasimama, chaki hewani. Ishirini na mbili mara kumi na mbili, mia mbili sitini na nne. Akazishika kingo za meza. Mtihani wa kwanza, mtihani wa pili, miaka yote hiyo, alikuwa ameacha nafasi ya mshono kwenye kila mstatili aliopewa.

"Na wewe?" akauliza polepole. "Wewe dirisha la ishirini unakata kioo cha ngapi?"

Mwanamume akavitazama vidole vyake vyenye plasta. "Kumi na tisa na nusu," akasema. "Kikijaa sawasawa na fremu, jua likiwaka kinapasuka."

Walicheka mpaka cherehani moja, wanaapa majirani, ikaanza kujishonea yenyewe. Shangazi akashuka kwenye stuli bila msaada. "Mmoja anapanua, mmoja anabana," akasema, "halafu mnanuniana. Mwalimu wenu anajua mnamuua?"

Siku zilizobaki walirudia vipimo mezani, bega kwa bega, njia zote zikiandikwa kwa kalamu kwenye karatasi. Ishirini mara kumi ikawa mia mbili, kamili, bila nyongeza wala pungufu. Lakini mazoea ni kitu cha mkono, na mkono wa mwanamke ulikuwa mkaidi.

"Nitasahau," akasema. "Nikiingia mle, nikiona mstatili, nitasahau."

"Ukiuona, laazizi, jiambie hivi: mstatili hauvaliwi. Hakuna mtu atakayeutia kichwani na kwenda nao harusini."

"Na wewe jiambie haufungwi dirishani."

Siku ya mtihani chumba kilikuwa kimya hata ungesikia wino ukikauka. Mwanamke alipita seti, akapita logarithimu, akafungua ukurasa wa vipimo. Bustani ya mstatili, urefu mita thelathini. Mkono ukateleza, kalamu ikaandika thelathini na mbi—

"Hauvaliwi," akasema.

Msimamizi akageuka. "Umesema?"

"Najisemesha mwenyewe, mama. Samahani."

Akaikata ile namba, akaandika thelathini. Jasho likamtiririka mgongoni, lakini mkono sasa ulikuwa wake. Akaandika njia mpaka karatasi ya ziada, akaomba nyingine, akaandika na hiyo. Safu za mbele, mtu mmoja mwenye ndevu alikuwa na kikohozi kisichoisha, mabega yakimtikisika.

Matokeo yalikuja kwa simu asubuhi moja ya kazi. Mwanamke alisoma ujumbe, akausoma tena, akampa Shangazi ausome kwa miwani na bila miwani. Amefaulu, tena kwa daraja la pili kutoka juu. Shangazi akapiga kigelegele kirefu, cha hali ya juu, na kioo cha mlango kikapasuka kutoka pembe hadi pembe.

Simu ikalia. "Fundi wangu. Umepata ngapi?"

"B. Na wewe?"

"Pungufu kidogo ya yako."

"Kama kawaida yako. Njoo na kioo, mlango umekwenda."

Akaja mbio, kioo begani, simu yenye matokeo ikichungulia kwenye mojawapo ya ile mifuko. Akapima fremu, akakata, akakitia. Kilikaa vizuri, na pembeni nafasi ya kupumua.

"Nilidhani umeacha kupunguza," akasema mwanamke.

"Kwenye mtihani. Kazini napunguza, na wewe kazini unaongeza. Naona watu kama hao wakikaa nyumba moja, wanatoka mia mbili kamili."

Moyo wa mwanamke uliruka, lakini uso aliukaza. Akafunga mikono kifuani kama Mwalimu Kipeo mwenyewe. "Hilo ni jibu tupu. Njia iko wapi?"

Mwanamume akachomoa kalamu yake ya wino. Juu ya kioo kipya, mtaa mzima ukimtazama kutoka upande wa pili, akaandika kwa herufi kubwa: UTANIOA NIKUOE? Akarudi nyuma hatua, akasoma, akaona maandishi yake yenyewe yanamchanganya, na mkono ukaenda mfukoni kutafuta kitambaa cha kufutia.

"Acha," akasema mwanamke. "Hicho usikifute."

Akachukua chaki ya kushonea, akamsogelea, na juu ya kifua cha lile shati lililopigwa pasi pande zote akaandika NDIYO, pana, kutoka bega hadi bega, na sentimita moja ya ziada kila upande.

"Na wewe," akamwambia, "usijikung'ute."