Nafasi Tupu Katikati ya Wimbo

Haya yalimkuta mamdogo wangu, mdogo wake mama tumbo moja. Sikusimuliwa na mtu. Nilikuwapo.

Ilikuwa Jumamosi ya kawaida kabisa. Tumekaa sakafuni sebuleni kwake, tunafumua nyuzi za taa za sikukuu zilizojisokota kama tambi, redio inajiongelea jikoni. Marehemu mumewe, babamdogo, alikuwa fundi umeme, na kila sikukuu ilipokaribia nyumba yao ndiyo iliyosimamisha wapita njia. Taa za kuwaka na kuzima tu hazikumtosha. Alikuwa na programu kwenye kompyuta: nyumba nzima imechorwa humo, kila taa ni kidoti chenye namba yake, na chini wimbo umetandazwa kama kamba. Humo ndimo alimoiambia kila taa iwake lini, kwa rangi gani, izime kwenye pigo lipi la ngoma. Basi nyumba ilikuwa inacheza. Watoto wa mtaa walimwita Mzee Disko, na jina lenyewe alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake.

Mwaka huo alipanda juu kupima paa kwa ajili ya taa mpya. Akateleza. Hakuamka tena. Wimbo aliokuwa akiupangia taa ukabaki nusu.

"Nitaumaliza mimi," mamdogo alisema siku ile, uzi wa taa mapajani. "Hata nyumba ikicheza kama mlevi, potelea mbali."

Fundi mwenzake marehemu alikuja akatufungia: uzi mmoja juu ya mlango, mwingine kuzunguka madirisha, mmoja ukipanda kona ya ukuta kutoka chini hadi kwenye paa. Ngazi akaiacha imeegemea pale konani, akasema atarudi kukaza misumari. Nasi tukahangaika na kompyuta. Mamdogo alikuwa hajui hata kuwasha kile kisanduku kinachopokea amri na kuzipeleka kwenye taa. Alijifunza. Alikosea, akalia, akafuta, akaanza upya.

Tulijaribu jioni moja, giza ndiyo kwanza linaingia. Tulisimama uani. Wimbo ukaanza, taa zikafuata: kijani mlangoni, nyekundu madirishani, nyeupe ikimiminika kama maji. Yote kazi ya mkono wake babamdogo. Kisha tukafika pale alipoishia. Taa zote zikazima, kama tulivyotarajia, maana kutoka hapo hapakuwa na kitu.

Dirisha la chumbani likawaka. Likazima. Likawaka tena, haraka haraka, mara tatu. Kisha kimya.

Mamdogo alijiziba mdomo kwa kiganja.

"Ndivyo alivyokuwa akifanya," alininong'oneza. "Akirudi kazini. Alikuwa anachezea swichi ya barazani hivyo hivyo, nijue ni yeye, nisishtuke."

Nilikimbilia ndani kwenye kompyuta. Nikaangalia sehemu ile ya wimbo, uzi baada ya uzi. Tupu.

Kuanzia hapo mamdogo hakutaka wimbo umaliziwe. "Hapo ni pake," alisema. "Usiguse." Kila jioni alioga, akavaa gauni ambalo marehemu alikuwa akilisifia, akatoa kiti uani. Wimbo ukifika kwenye ile nafasi alianza kuzungumza. Alizungumzia bomba linalovuja. Akazungumzia jirani na mbwa wake. Alieleza jinsi kitanda kilivyokuwa kikubwa siku hizi, na kwamba analala upande wa mumewe ili asiuone uko mtupu. Dirisha likamjibu, mara tatu. Naye akacheka. Tangu mazishi sikuwa nimesikia kicheko chake. Mimi nilikuwa naogopa, lakini ningemnyang'anyaje kicheko hicho?

Halafu nikagundua kitu. Kila jioni, baada ya kumjibu, mwanga ulikuwa unahama. Jana uliishia mlangoni. Leo umefika mwisho wa ukuta. Ulikuwa unaelekea kwenye ngazi.

Siku ya siku ilipofika nilikuwa jikoni. Nikasikia wimbo umekatika ghafla. Nikachungulia. Kiti kilikuwa kitupu.

Taa za kona zilikuwa zinapanda. Moja, juu yake nyingine, juu yake nyingine, mpaka kwenye paa. Zikizima zinaanza tena chini. Polepole. Kama kidole kinachoita.

Mamdogo alikuwa katikati ya ngazi. Peku.

Niliuchomoa waya ukutani. Nyumba nzima ikawa giza.

Kona haikuzima.

Nilitoka mbio nikaishika ngazi kwa mikono miwili. Ilikuwa baridi. "Mamdogo, shuka."

"Ananiita." Hakugeuka. Akainua mguu.

Nikanong'ona, "Mamdogo. Babamdogo alikuruhusu lini upande ngazi?"

Mguu ukabaki hewani.

Sote tulikuwa tunajua. Yule mtu alikuwa anamgombeza mkewe akisogelea ngazi tu. Hata pazia hakumwachia atundike.

Taa nazo zikasimama. Zote. Kama mtu aliyebanwa katikati ya uongo. Kisha zikaanza kuwaka na kuzima, tatu, tatu, tatu, mbio mbio, bila kupumua, mpaka nikafumba macho. Nilipoyafumbua palikuwa na giza, na mamdogo anashuka.

Alikaa chini kwenye mchanga.

"Nimemwambia kila kitu," alisema. "Upande ninaolala. Kila kitu. Nilikuwa namwambia nani?"

Nilimkumbatia. Alilia kuliko alivyolia makaburini. Siku ile tulizika mtu, na bado kitu kidogo kilikuwa kimebaki cha kutumainia. Jioni ile hakikubaki hata hicho.

Asubuhi tulizishusha taa zote, fundi akazichukua. Mamdogo hakuiwasha tena ile kompyuta. Alirudi kazini, akaanza kula, akapungua kulia. Nilidhani yamekwisha.

Mvua zilipoanza, dari ya chumbani ikavuja. Tulimwita mwezeka mapaa. Alipanda akipiga mluzi. Mluzi ukakatika. Aliposhuka hakutaka kututazama usoni.

"Nani amekuwa akikaa huko juu?" aliuliza.

"Hakuna mtu."

"Bati limebonyea, mama. Juu ya dirisha lako pale. Alama za magoti mawili na viganja viwili. Kama mtu aliyepiga magoti akainama kuchungulia ndani."

Mamdogo aliuliza kwa sauti ndogo, "Viganja vya mwanamume?"

Yule bwana alifungua mkono wake mpana wa kazi, akautazama, akaufunga.

"Virefu mno," alisema. "Na paa lote limelowa mvua. Hapo tu ndipo pakavu."