Anayerudia Kipimo

Jioni ile nilikwenda chuoni kuchukua koti jeupe la marehemu binti yangu. Safari ndogo tu. Walimu walikuwa wanafunga ofisi zao.

Binti yangu alikuwa mwaka wa pili. Mwalimu wao hakutaka wanafunzi wa kukariri. Aliwapa swali walitafutie jibu wenyewe. Kwa nini mche wa maharage uliofichwa gizani hurefuka upesi kuliko ulioachwa juani? Walifanya kazi wawili wawili. Mmoja anapima na kutaja namba, mwenzake anapima tena na kutaja aliyoiona yeye. Zikipishana, inashika ya pili.

Mwenzake tulimwita Twiga, kwa urefu wake. Akija kwangu huinama mlangoni, na binti yangu humtania, "Shoga, acha kichwa nje, mwili uingie!"

Homa ikamchukua mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa. Twiga akabaki na miche, na swali, na sifa. Moyo uliniuma, sifichi. Kwa nini si yeye?

Chumba cha utafiti kilikuwa nusu giza. Harufu ya udongo mbichi…

"Kumi na nne," Twiga alisoma ndani.

"Kumi na nne," akajibiwa.

Sauti ile nimeizaa mimi.

Nikaingia. Twiga alikuwa peke yake, amechuchumaa kati ya miche. Koti la mwanangu lilining'inia ukutani, mikono yake ikicheza. Dirisha lilikuwa limefungwa.

"Shikamoo, mama," alinong'ona.

"Anakuja kwako?" nilimuuliza. "Mimi mzazi naomba nimwote tu, simwoti. Halafu anakuja kwako?"

"Sikumwita, mama. Nilisoma namba, akairudia. Ila koti liache. Nakuomba."

"Umemfaidi vya kutosha."

"Mama, siku moja nilijipima mwenyewe, kwa mzaha…"

Akasimama.

Kichwa chake kilinifika begani.

Niliona vizuri. Lakini wivu ukishaketi moyoni, macho hayana kazi. Nikalitungua koti. Lilikuwa na joto, kama la mtu aliyelivua sasa hivi.

Nyumbani nilisali, nikalitundika.

"Mwanangu," niliita. "Ni mama." Kimya.

Nikatia mkono mfukoni mwa koti, nikakuta rula yake. Nikapima kilichokuwa karibu: kiganja changu, toka kwenye kifundo hadi ncha ya kidole.

"Kumi na saba."

Pumzi ikanigusa shingoni. Udongo mbichi.

"Kumi na sita," mwanangu akasema.

Nikapima tena.

Kumi na sita.

Sijui ni yeye, au ni kitu kilichojifunza sauti yake. Nimemuuliza Mungu, bado sijajibiwa. Pete yangu ya ndoa haikai tena kidoleni. Gauni ninalolipenda naliburuza.

Twiga huja kugonga. "Mama, nirudishie koti," analia. "Labda nikimwomba atanirefusha."

"Ni wangu," namjibu kupitia mlangoni.

Simfungulii. Na leo, hata ningetaka, komeo la juu silifikii tena.

Jua linazama sasa. Nimeshika rula. Nitasoma polepole, ili na yeye asiwe na haraka ya kuondoka.