Kompyuta ya Prosper Bado Inaitika

Kompyuta ya Prosper haikuwa na waya wa umeme. Dorotea, mjane wake, aliung'oa mwenyewe siku ya mazishi na kuuacha mezani, katika ofisi ya ghala la Muyinga. Lakini huku Gitega, kwenye programu inayosimamia kompyuta zote za kampuni, Urbano, fundi wa kompyuta, aliiona imewaka, ikiitika kila ilipoitwa.

Akadhani ni hitilafu ya mtandao. Kisha chumba cha seva kikanuka umuravumba, majani machungu ambayo Prosper alikuwa akiyachemsha na kuyanywa malaria ilipombana.

"Usiite tena," alinong'ona Azmina, mhasibu, akiwa mlangoni. "Hilo ni jini limekaa kwenye jina la maiti."

Tuseme ukweli, maana wengi wanauficha. Prosper hakuuawa na malaria peke yake. Alikuwa Muyinga akiiboresha programu hiyohiyo, anatetemeka, akampigia mkurugenzi, Leonardi, kuomba ruhusa aende hospitali. Leonardi akamjibu, "Maliza kwanza." Akaomba tena. "Maliza kwanza." Walimkuta amelalia kibodi, baridi, na kazi haijaisha.

Na Leonardi huyohuyo, bila haya, alimwamuru Urbano aimalizie kazi ile kwa jina na nywila ya marehemu, eti ndiyo njia ya mkato. Dorotea aliposikia alimpigia Urbano simu.

"Bado hatujafanya kuganduka," alisema kwa sauti ya chini. "Bila hiyo matanga haijaisha, kazi ya maiti haishikwe. We unaingia mu jina yake juu ya nini?"

"Ni amri ya patron, shemeji."

"Basi ambia patron wako amupatie ruhusa. Ni hiyo tu iko anangoya."

Urbano akaufikisha ujumbe. Leonardi akacheka.

"Mi sina ruhusa ya kupatia maiti. Iko problème ya mtandao, c'est tout. We rudi umalize."

"Ulimnyima akiwa hai, patron," Urbano alisema. "Simalizi."

Akaweka funguo mezani akatoka. Leonardi akaenda kuketi mwenyewe mbele ya seva, mchana kweupe, akaandika jina la Prosper na nywila yake.

Harufu ya umuravumba ikazidi, na kwenye vipaza sauti vidogo kukaanza kusikika meno yakigongana, taratibu, halafu kwa kasi, na baridi ikapanda kutoka sakafuni ikamwingia miguuni, magotini, kiunoni, mpaka mwili mzima ukawa unatetemeka kwa homa ambayo dakika chache nyuma hakuwa nayo, na alipotaka kusimama miguu ilikataa, na alipotaka kuiondoa mikono juu ya kibodi ikabaki palepale ikiandika yenyewe.

Urbano na Azmina walikuja mbio waliposikia akiita. Mlango haukufunguka. Walimsikia analia, na hata wakati huo hakumpa Prosper ile ruhusa ya kwenda. Alijifikiria yeye tu.

"Niachilie," alisema. "Mi naugua. Nipatie ruhusa niende hospitali."

Meno yakanyamaza. Kupitia kioo cha mlango waliona ujumbe ukijiandika kwenye skrini, kutoka kompyuta ya Muyinga, ile isiyo na waya.

Maliza kwanza.