Aliyewasha Moto wa Florian

Jua lilikuwa linatua ng'ambo ya ziwa nilipokwenda kuchukua ufunguo. Mke wangu Winifrida alinifuata na kikapu kichwani, jiko la mkaa mkononi, na tumbo la miezi sita mbele yake.

"Tembea polepole, bwana mkubwa," alinitania. "Chumba hakina miguu."

"Kina wanaokitaka wengi."

Ilikuwa kweli. Ilikuwa miaka ile soko la kahawa lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakajaa Mbinga, na vijana wa milimani wakaanza kushuka Mbamba Bay kutafuta starehe. Ufukweni pakajengwa safu ya vyumba vya matofali ya kuchoma, kila kimoja na mlango wake unaotazama maji. Palikuwa na baa, jenereta na video. Watu wakapaita Ulaya Ndogo. Mimi nilikuwa nimepata kazi ya kutunza stoo ya mabati ya mfanyabiashara mmoja, nikaona mtu kama mimi alale Ulaya Ndogo.

Mwenye vyumba, Mzee Ignatio, alitungoja njiani. Hakusogea karibu na mlango.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ufunguo huu. Chumba ni kipya, hakijalaliwa." Akamtazama Winifrida. "Mama ndiye atakayewasha moto?"

"Mzee, unauliza jiko kabla ya kodi?" nikacheka.

Yeye hakucheka. "Awashie ndani. Nje kuna upepo."

Watu wa ziwani hupika nje, kwa sababu ya joto. Lakini sisi tulizaliwa Ukata, milimani, kwenye baridi. Kwetu nyumba isiyo na moto ndani ni zizi tu. Winifrida akaingia na jiko lake bila kuuliza.

Jirani yetu, mwanamke aitwaye Theodosia, alikuwa nje akigeuza samaki juu ya moshi. Akanivuta shati.

"Shemeji, mwenye nyumba amewasha moto humo?"

"Mwenye nyumba si yule pale njiani?"

"Yule ni baba." Akashusha sauti. "Mwenye nyumba ni Florian, mwanawe. Alikijenga hicho chumba aoe. Walikwenda ziwani wawili, akarudi mzee peke yake. Na bibi zetu walisema, mwanamke anayewasha moto wa kwanza kwenye nyumba ya mwanamume..."

Akageuka kuutazama mlango.

Ndani, kiberiti kilikwaruzwa.

Moshi haukupanda. Ulishuka. Ulitambaa sakafuni, ukavuka kizingiti, ukateremka kuelekea majini kama mtu anayejua njia. Jenereta ya baa ikakohoa, ikanyamaza. Ikaja harufu ya tope, na ya nyavu zilizooza.

Kisha nyayo.

Chap... chap... chap...

"Nani amewasha?"

Sauti ilikuwa nzito, imejaa maji. Winifrida akadhani ni mimi.

"Ni mimi, mume wangu," akajibu kutoka ndani.

Nilitaka kumziba mdomo kwa mbali. Kitu kikanipita. Kilikuwa na kimo cha mtu na baridi ya jiwe la chini ya maji, na mahali pa uso palikuwa pameliwa.

Nilipofika mlangoni kilikuwa kimemshika koo kwa mikono miwili, kimembana ukutani. Miguu yake ilikuwa hewani. Kiatu kimoja kilidondoka.

Nikachomoa panga letu la shamba kwenye kikapu. Nikapiga bega. Panga likazama kama kwenye mgomba uliooza. Damu haikutoka. Yalitoka maji. Nikapiga shingo, nikapiga mgongo, nikakosa, nikakata fremu ya mlango. Kile kitu kikanipiga kwa kiwiko. Nikatema meno mawili.

"Mke wangu," kilisema. Hakikuwa kinasema na mimi.

Macho ya Winifrida yakageuka meupe.

Theodosia akaingia na ndoo ya maji, akaimwaga juu ya jiko. Mkaa ukalia, ukafuka, ukaendelea kuwaka.

"Hauzimiki," alisema. "Moto ni wa kwao. Auwashe upya mtu wa damu yake, kwa mkono wake, shemeji. Haraka."

Nikatoka mbio. Mzee Ignatio alikuwa bado njiani, mikono ameifumbata, anasikiliza kama mtu aliye misani. Nikamkamata ukosi. Akaniuma mkono. Nikampiga ngumi ya mdomo, akaanguka, nikamburuta kwa miguu, naye akiukwangua mchanga kwa kucha.

"Mwache amchukue," alinisihi. "Akipata mke atatulia. Haniachi nilale tangu..."

"Tangu nini?"

Akang'ang'ania fremu ya mlango.

Nikamvusha kizingiti. Nikaushika mkono wake wa kulia, nikauzamisha kwenye mkaa. Nikaukandamiza. Alilia kama mbuzi. Harufu ya ngozi ikajaa chumbani. Mwali ukaruka, na moshi, kwa mara ya kwanza, ukapanda juu kwenye bati.

Mikono ikamwachia Winifrida. Akaanguka, akavuta pumzi moja ndefu yenye mkwaruzo.

Kile kitu kikageuka.

"Baba," kilisema, kwa upole. "Lile kasia ulilonipigia uliliweka wapi?"

Mzee alijikojolea. Kikamshika shingo, kikamtoa nje, na gizani tukasikia kichwa kikigongwa kwenye mawe.

Ko.

Ko.

Kisha maji tu.

Asubuhi walimkuta kwenye maji ya magotini. Shingo ilikuwa imevunjika, na kwenye koo palikuwa na alama za vidole. Askari aliitazama maiti, akamtazama Winifrida, akamwomba ainue kidevu. Alama zilikuwa zilezile.

"Nyoosha mikono," askari akaniambia.

Akaviweka vidole vyangu kwenye koo la mke wangu, taratibu, kama fundi anayepima kofia.

Vikaenea. Kidole kwa kidole.

Theodosia aliapa kwamba aliona mtu wa tatu. Walipomwuliza sura yake, alisema hakuwa na sura. Wakacheka, wakanipeleka mahabusu Mbinga. Nilikaa huko hadi Winifrida aliposimama mbele yao na kitambaa shingoni na kusema kwa sauti iliyokwaruza kwamba mimi nilikuja kumwokoa, na sikumfuata mzee nje. Wakaniachia.

Tulirudi Ukata. Mtoto alizaliwa salama, msichana, tukamwita Albina. Mikono yangu nimeitazama mara nyingi. Imekaa kama mikono ya mtu yeyote.

Jioni moja, mvua ikinyesha, tulikuwa kitandani, mtoto kati yetu. Nikamwuliza.

"Siku ile, uliuona uso wake?"

"Kulikuwa na moshi."

"Lakini unajua hakuwa mimi."

Alivuta blanketi hadi kooni. Bati likapigwa na mvua.

"Nakuamini, Alphonce," alisema.

Kisha akamwinua mtoto, akamvusha juu ya kifua chake, akamlaza upande wa ukutani, na yeye akabaki katikati.